Mama anaomba choo, wanamletea biskuti

Shikamoo Mama,

Nimerudi kutoka kiwandani saa sita usiku, watoto wamelala, na hata viatu sijavua. Nikilala bila kuandika barua hii nitaamka nayo kifuani, kama ninavyoamka nayo miezi 7 sasa.

Mimi ni Mbembe wa Fizi, mashariki mwa Kongo. Vita vya 1996 vilitutoa kwetu nikiwa na miaka 12. Tulivuka Ziwa Tanganyika na mama yangu hadi Kigoma, tukapelekwa kambi ya Nyarugusu. Baba hakuvuka. Kambini tulikaa karibu miaka 20, na mama alitulea watatu kwa kuuza ndagala, yaani dagaa, na mawese sokoni. Kila alfajiri alikuwa anaongoza maombi ya akina mama. Watu walikuwa wanatoka vijiji vya mbali vya kambi ile kuja kuombewa naye. Mwaka 2016 tulipata safari ya Marekani: mimi, mume wangu, watoto na mama. Sasa tuko mji mdogo wa Iowa. Mimi nakata nyama kiwandani, zamu ya saa tisa alasiri hadi saa tano na nusu usiku. Mume wangu anaendesha lori, analala nyumbani siku mbili au tatu kwa wiki.

Mwaka jana mama alipatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukafa, mkono na mguu. Kuongea anaongea, ila siku nyingine anachanganya majina na kuniita jina la marehemu dada yake. Alipotoka hospitali tulimleta nyumbani, tukajaribu miezi minne. Alianguka mara mbili nikiwa kazini. Mara ya pili mtoto wangu wa miaka 11 ndiye aliyemkuta chini bafuni. Akajaribu kumwinua, akashindwa, akakaa naye sakafuni wameshikana mikono mpaka jirani alipokuja. Daktari akasema mama anahitaji watu wawili wa kumwinua, mchana na usiku. Hapo ndipo tulipompeleka nyumba ya wazee.

Mama, sitasema uongo. Ni pasafi. Anaogeshwa, anabadilishwa, hana vidonda mgongoni. Lakini hakuna hata mtu mmoja anayejua Kiswahili, wala Kibembe, na Kiingereza cha mama ni salamu na asante tu. Wiki ya tatu nilimkuta analia, kitanda kimelowa, na mezani kuna pakiti za biskuti zimepangwa kama za dukani. Nikamuuliza, akasema: “Naomba choo, wananiletea biskuti.” Nikafikiri kichwa chake kimevurugika. Baadaye nikaelewa. Neno letu “choo”, masikioni mwao, linafanana na neno lao la kutafuna. Kila alipoita choo, yule msichana mwenye huruma alikuwa anakimbia kumtafutia kitu cha kutafuna.

Mchana wanawakusanya ukumbini kucheza bingo. Mama hajui namba zile kwa Kiingereza, akaomba kwa ishara arudishwe chumbani, na kwenye karatasi yake wameandika kwamba hashiriki. Usiku anaita kwa sauti, na sasa wananiambia daktari anataka kumpa dawa ya kumtuliza.

Kaka yangu aliye Uvira ananipigia: “Umemtupa mama kwa Wazungu.” Kanisani kwetu mama mmoja alisema mbele ya watu kwamba kwetu mzee hafi katikati ya wageni. Sikujibu. Nitajibu nini? Kaka anasema pia nisijisumbue na habari za upweke, kwamba ni mawazo tu, mama anakula na kulala bure.

Ila kula ndiko kumeisha. Wiki mbili sasa anakunywa chai na kumega mkate, basi. Nikifika anageuza uso ukutani. Mara ya mwisho aliniuliza: “Nimekosa nini?” Kisha akasema nimrudishe nyumbani. Jumapili mbili zilizopita sikuingia. Niliendesha gari mpaka pale, nikakaa kwenye maegesho, nikarudi. Watoto niliwaambia bibi alikuwa amelala.

Niache kazi nimrudishe kwangu? Nimwache pale nijifunze kuvumilia? Na je, mimi ni mtoto mbaya?

Binti wa Fizi, Iowa


Marahaba, mwanangu.

Vua viatu kwanza, keti.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye zile biskuti. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, nesi mstaafu, na miaka yangu 9 ya mwisho kazini niliifanya kwenye nyumba ya wazee huko huko Marekani. Nimesimama upande wa pili wa kitanda hicho. Tulikuwa na bibi mmoja kutoka Vietnam aliyekuwa akituita kwa neno moja usiku kucha, na sisi tukaandika kwenye jalada lake kwamba anapiga kelele. Mjukuu wake alipokuja likizo akatuambia neno lile ni “baridi”. Miezi mitano bibi wa watu alikuwa anaomba blanketi. Wala hatukuwa watu wabaya. Tulikuwa wawili kwa wazee 28, tunakimbia. Ndiyo maana nakuambia huyo msichana wa biskuti usimwekee kinyongo. Atakufaa.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza ili tulitoe njiani: hapana. Mwanamke mzima anayehitaji watu wawili kumwinua hawezi kubaki na mtoto wa miaka 11 kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku wa manane. Angeanguka mara ya tatu, na mtoto huyo angebeba picha hiyo maisha yake yote. Na wanaosema kwetu hakuna nyumba za wazee, hawajatembea. Tanzania ina makazi ya wazee ya serikali, Nunge kule Kigamboni na Kolandoto kule Shinyanga, kwa kutaja mawili tu. Zanzibar wana Sebleni na Welezo. Nairobi kuna Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inaendeshwa na masista. Tena nimewaona wazee vijijini Kigoma wanaotumiwa hela kwa simu kila mwisho wa mwezi na hawajasikia “shikamoo” mlangoni kwao tangu Pasaka. Hao nao wako kwao.

Kaka yako anasema upweke ni mawazo tu. Mwambie Shirika la Afya Duniani liliunda tume nzima kuuchunguza, na ripoti yake ya Juni 2025 inakadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Unapandisha hatari ya kiharusi, na mama yako ameshapata kimoja.

Sasa twende kwa mama, na wiki hii hii, kwa sababu mzee asiyekula wiki mbili hasubiri Jumapili. Kesho mchana kabla ya zamu yako piga simu kwa nesi msimamizi, umuulize uzito wa mama siku aliyoingia na uzito wake leo. Omba daktari amwangalie kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, maana kugeukia ukuta na kuuliza “nimekosa nini” ni dalili, na inatibika hata kwa mzee wa miaka 80. Waambie wamwangalie pia kinywa na meno, masikio kama yameziba nta, na mkojo kama una maambukizi. Kelele za usiku kwa mzee zinaweza kuanzia kwenye mkojo au maumivu. Halafu uliza kuhusu kumeza. Baada ya kiharusi koo linaweza kulegea, mtu akapaliwa, akaanza kuogopa chakula bila kusema. Kuna mtaalamu wa kupima jambo hilo, na ukimwomba atakuja.

Kuhusu dawa ya kutuliza: usikubali kwa simu, ukiwa umesimama kwenye mlango wa kiwanda. Uliza jina lake, inatibu nini, na wamejaribu nini kabla yake. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo zito kwamba baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, wakipewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, zinaongeza hatari ya kifo. Wapo wanaozihitaji kweli, sikatai. Lakini mtu anayeita choo anahitaji kupelekwa chooni.

Hapa ndipo lugha inaponiuma. Mama yako analishwa, anageuzwa, anaogeshwa, na katika yote hayo hapiti neno hata moja linalomwingia. Kambini alikuwa mtu wa kuombwa. Watu walitembea kumfuata. Pale alipo hakuna anayemhitaji kwa lolote, na hata akitaka kusema “asante, maji yamekuwa ya moto mno” hana wa kumwambia. Upweke wake uko hapo zaidi ya kwenye siku ngapi unakwenda kumwona.

Sheria iko upande wako, na wengi wetu hatuijui kwa sababu hakuna aliyetufungulia karatasi. Tangu sheria ya 1987 ya kurekebisha nyumba za wazee, kila nyumba inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali ya Marekani, inapaswa kumfanyia mkazi tathmini kamili ndani ya siku 14 tangu aingie, na kuipitia tena angalau kila miezi mitatu. Fomu yake inauliza lugha anayoitaka na kama anataka mkalimani. Inauliza hali ya moyo wake. Inauliza mambo ambayo ungeshangaa: anapenda kulala saa ngapi, muziki gani, ibada, kutoka nje kupata hewa, kukaa na wanyama. Nenda uulize jambo moja tu kwa upole: mama yangu aliulizwa maswali haya kwa lugha gani? Kama walijaza kwa kumtazama tu, omba yarudiwe na mkalimani wa Kiswahili. Hata kwa simu anapatikana. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inawabana wote wanaopokea fedha za serikali kuu wasimnyime mtu huduma kwa sababu ya asili yake, na lugha imo humo. Mkalimani halipiwi na wewe. Na mjukuu asifanywe mkalimani wa mambo ya ugonjwa. Mtoto huyo ameshabeba vya kutosha.

Andika ombi la mkutano wa mpango wa huduma. Unaruhusiwa kuuomba, huna haja ya kungoja miezi mitatu ifike. Siku hiyo nenda na mume wako kama lori limerudi. Neno “hashiriki” waombe walifute, waandike sababu: haelewi lugha ya mchezo. Ni maneno machache kwenye karatasi, lakini kila mhudumu mpya anayeingia zamu anayasoma kabla hajamwona mama yako, na anamwona kupitia hayo. Wakikuzungusha, ukutani mwa nyumba hiyo lazima kuwe na tangazo lenye namba ya ombudsimani wa wazee. Kila jimbo analo, kazi yake ni kumtetea mkazi, hatozi kitu, na hasemi jina lako bila ruhusa. Lakini anza kwa mazungumzo. Wahudumu wale ndio watakaokuwa na mama usiku wewe ukiwa kiwandani, na mhudumu aliyeshtakiwa kabla ya kuambiwa anakuwa na mkono mzito.

Leo usiku, ukiwa bado na kalamu, tengeneza karatasi. Kubwa, maandishi meusi, picha pembeni. Choo. Maji. Baridi. Naumwa, pamoja na picha ya mwili ili aonyeshe wapi. Nigeuze. Nataka kukaa. Usiandike kwa tahajia yetu peke yake. Andika na jinsi Mmarekani atakavyoitamka. Bandika moja kando ya kitanda na nyingine mlangoni. Halafu ongeza neno ambalo halihusu mwili: “Shikamoo”. Mfundishe yule msichana wa biskuti alitamke akiingia asubuhi. Mwambie maana yake, mwambie kwamba mama ataitikia “marahaba” na kwamba huo ni mlango. Nimeona mzee aliyekaa kimya miezi akiinua kichwa kwa salamu moja ya kwao iliyotamkwa vibaya.

Uliza pia kama kuna mhudumu Mkenya, Mtanzania, Mrundi au Mkongo kwenye zamu yoyote, hata jikoni, hata wa usafi. Kazi hii huko Marekani watu wetu wengi wanaifanya. Akipatikana mmoja, omba apangiwe upande wa mama angalau siku moja moja.

Sasa kuhusu wewe na ile gari.

Najua ulichokuwa unakifanya kwenye maegesho. Ulikuwa unaogopa uso wake. Lakini mama yako ndani alikuwa anasikiliza kila viatu vinavyopita. Mwaka 1976 mtafiti Richard Schulz alichapisha matokeo ya jambo alilolifanya kwenye nyumba ya wazee huko Marekani. Aliwatumia wanafunzi wa chuo kikuu kwenda kuwatembelea wazee 40 aliokuwa amewagawa makundi. Wengine walijua mgeni atakuja lini, au walipanga wao wenyewe; wengine aliwatokea tu ghafla; na wengine hawakutembelewa kabisa. Waliojua au kupanga walikuwa na afya na furaha kuliko wenzao. Waliotokewa ghafla, ingawa walitembelewa sawasawa na wale, hali yao haikuwa bora kuliko ya wasiotembelewa. Mimi nilipolisoma hilo nilikumbuka wazee wangu waliokuwa wakivaa nguo nzuri saa mbili kabla, wakakaa wakiangalia mlango. Kule kungoja kwao kulikuwa sehemu ya ziara.

Kuna upande wa pili wa habari hiyo, na ndio ulionifanya niikumbuke leo. Utafiti ulipoisha wanafunzi waliondoka, na Schulz aliporudi baadaye kuwafuatilia, wale waliokuwa wamenufaika ndio walioporomoka. Kwa hiyo usiende kwa mama na ahadi za mtu mwenye majuto, kwamba utakuja kila siku. Hutaweza, na yeye ndiye atakayelipa. Chagua unachoweza kukishika miezi 12 ijayo. Kwa zamu yako naona asubuhi mbili kwa wiki, kabla ya kazi, na Jumapili. Nunua kalenda kubwa, bandika picha yako kwenye siku zako, na kila ukiondoka mwonyeshe kwa kidole: leo ni hapa, narudi hapa. Siku ukishindwa, piga simu mapema uombe apelekewe simu asikie sauti yako. Familia ina haki ya kumwona mkazi wakati wowote akiridhia, hata nje ya saa za wageni, kwa hiyo ukitoka zamu usiku na moyo ukikusukuma, unaweza kuingia umguse mkono. Lakini hiyo iwe nyongeza, isile siku zake.

Na ukifika usikae kwenye kiti kama mgeni wa hospitali. Mkono wake wa kulia ni mzima. Mpelekee maharage mabichi ayatoe kwenye maganda juu ya meza ya kitanda, mkono mmoja unaweza ukimshikia bakuli. Msuke. Mpake mafuta miguu, huku mkiongea au mkinyamaza. Muulize mambo unayohitaji kweli kuyajua: mtoto wako mkubwa anakujibu vibaya, ufanyeje? Mume yuko njiani wiki nzima, yeye kambini aliwezaje peke yake? Mama zetu wanakufa na majibu mengi kwa sababu tunapowatembelea tunawauliza jambo moja tu, kama wamekula.

Pia mpelekee mche. Nasema kwa sababu. Mwaka huo huo wa 1976, kule Connecticut, Ellen Langer na Judith Rodin waliwapa kundi moja la wazee mimea waitunze wenyewe, na wakaambiwa mambo kadhaa ya siku yao ni ya kuamua wao. Kundi la pili walipewa mimea pia, ila wakaambiwa manesi wataimwagilia. Kundi la kwanza walichangamka na kuwa na furaha kuliko wenzao. Lenga-lenga, ule mchicha wetu, inaota kwenye kopo dirishani, hata theluji ikianguka nje. Waambie wahudumu, na uandike kwenye kopo: usimwagilie, ni kazi ya bibi.

Chakula. Mtaalamu wa kumeza akikupa ruhusa, pika sombe, majani ya muhogo, uiponde na kuichemsha mpaka iwe laini kabisa, utie mawese na ndagala zilizosagwa zisibakize mfupa. Ugali uwe laini. Gawa kwenye vikopo vidogo, andika tarehe, uulize nesi utaratibu wao wa kuhifadhi. Harufu ya mawese itaenea korido nzima na kuna atakayekunja pua. Mwache akunje.

Yule mama wa kanisani usimjibu. Mpe siku. Nasema hivi kwa moyo mweupe: mwambie, “Umesema mzee asife katikati ya wageni, basi wewe uwe Jumatano.” Tafuta wengine wawili. Waende wawili wawili, wasijae kumi wakakemea mapepo juu ya kitanda. Wapange wafike saa ile ile. Na wasiende kumwombea peke yake, waende kuombewa. Mama yako alikuwa anaongoza maombi ya alfajiri. Mwenye mgonjwa ampelekee jina, mwenye mtoto anayetafuta kazi ampelekee jina, na wiki inayofuata arudi kumwambia ilikuwaje. Uliza pia kuhusu ruhusa ya kutoka saa chache na kiti cha magurudumu, ili Jumapili moja kwa mwezi aende ibada. Kwa kawaida inawezekana ukipanga mapema, kwa sababu ya dawa na usafiri.

Kaka yako naye apewe zamu. Uvira ina mtandao. Kila Jumamosi, saa moja isiyobadilika, ampigie mama simu ya video, na simu ishikwe na mhudumu au mjukuu. Amwonyeshe ziwa. Akikosa mara mbili bila sababu, siku nyingine akikuambia umemtupa mama utakuwa na la kumjibu.

Kumrudisha nyumbani hakujafungwa, ila usiamue ukiwa na machozi. Omba kukutana na afisa ustawi wa jamii wa nyumba hiyo, muulize Medicaid ya Iowa inalipia nini kwa mzee anayeishi nyumbani: saa ngapi za mhudumu, kama kuna kituo cha kushinda mchana, kama ndugu anaweza kulipwa kwa kumhudumia. Majimbo mengi yana mipango ya namna hiyo, nyingine zina foleni ndefu. Ukipata majibu kwa maandishi, kaeni wewe na mume mhesabu saa kwa saa, na muandike ni nani wa pili wa kumwinua saa tisa usiku. Pakiwa na jina, mrudishe. Pakiwa patupu, mjue.

Limebaki moja, gumu. Mama aliposema umrudishe nyumbani, hukumuuliza nyumbani wapi. Inaweza kuwa kwako. Inaweza kuwa Nyarugusu, ambako alikuwa mtu. Inaweza kuwa Fizi. Na wazee wengi waliovuka bahari wanaposema hivyo wanauliza watazikwa wapi; wanaiogopa ardhi ya barafu na hawana wa kumwambia kwa sababu sisi watoto tunakatiza, “Usiseme hivyo mama, utapona.” Safari hii usimkatize. Mshike mkono ule mzima, umuulize nyumbani ni wapi, na usikilize mpaka mwisho hata kama ni saa nzima. Usimwahidi ndege wala jeneza usiloweza kulilipia. Mwambie unachoweza, kiandike mbele yake, na kaka yako asikie siku ya simu.

Asubuhi ukienda, mpelekee na salamu zangu. Mwambie kuna mwanamke wa Kigoma, ng’ambo ya pili ya ziwa lake, amezeeka naye sasa, na ana swali ambalo hapa kwetu kila mtu analijibu vyake: ndagala za kuuza mbali, zisioze njiani, kwao Fizi walizianika juu ya mchanga, juu ya mawe au kwenye chanja, na kwa siku ngapi? Andika jibu lake kama atakavyolisema, maneno yake mwenyewe, unitumie.